Dawa Iliyokosa Mahali pa Kutokea

Hebu mwone Mbaluka akiingia Soko la Burma, soko la nyama la Nairobi. Ni asubuhi, jua la Januari limeshaanza kuchoma, na makaa ya wachomaji hayajashika vizuri, kwa hiyo moshi ni ule mzito wa mwanzo, unaotambaa chini chini kati ya mabucha na kuingia watu machoni. Anatokea upande wa barabara, mrefu, bega la kulia limeinama kwa miaka mingi ya kuinua panga la kukatia mbavu, aproni ameikunja kwapani. Anasalimia huku na huku. Wanaomjua wanamtazama mkono wa kushoto, kwa sababu mkono huo kila siku hubeba kijitungi cha manjano cha mafuta ya kupikia kilichosuuzwa na kujazwa maji. Leo mkono huo unaning'inia mtupu.

"We Mkamba!" Ndung'u mwenye bucha anamwita akiwa bado anatundika mapaja ya mbuzi. "Ngamia wangu leo ameacha nundu nyumbani?"

"Nimefunga."

"Najua umefunga. Wiki mbili sasa unanichomea nyama na huionji, wateja wanadhani nimeweka sumu. Lakini maji pia?"

"Maji pia. Ni siku tatu tu, Ndung'u. Mfungo wa Esta."

"Mungu wenu ni mkali, mzee. Wa kwetu angalau anaruhusu supu."

Wakacheka wote wawili. Mbaluka akafunga aproni, akasimama mbele ya moto, na jasho likaanza kumtoka kabla hata nyama ya kwanza haijawekwa juu ya waya. Ndung'u alikuja kulisimulia jambo hilo mara nyingi baadaye, kwamba aliliona lile jasho, akalitazama likidondoka kwenye makaa na kulia *chss*, na hakufikiri chochote. Angefikiri nini? Mchomaji hutoa jasho. Ni sawa na kushangaa fundi wa magari ana grisi mikononi.

Sasa, ili uelewe kwa nini jasho lile lilikuwa jambo la kuogopesha, inabidi turudi nyuma kidogo, mtaani Kayole, ghorofa ya tatu, kwa mke wake Kanyiva.

Kanyiva ana kibanda cha mboga chini ya ghorofa lao. Ukimpata anakata sukuma wiki utasimama utazame, maana kisu kinakwenda kama mvua juu ya mabati na macho yake yako kwa mteja. Yeye ndiye aliyemwona Mbaluka akiugua mara ya kwanza, binti yao Mwongeli akiwa bado msichana wa shule. Ulikuwa ugonjwa usio na kidonda wala homa. Mwanamume yule mpole, asiyependa hata redio ikiwa juu, aliacha kulala. Akaanza kuongea, na maneno yakawa yanatoka yakikanyagana. Akawa na furaha kubwa isiyo na sababu. Siku moja Kanyiva alirudi akakuta sebule haina viti. Mbaluka alikuwa amevishusha kimoja kimoja mpaka stejini Spine Road na kuwagawia makanga wa matatu ili wapumzishe miguu. Furaha ile ilipokwisha ikaja zamu ya pili, mbaya zaidi, akalala akitazama ukuta na hakutaka kuoga wala kuitwa jina.

Majirani walisema waya zimegusana. Hospitali ilisema ugonjwa una jina na una dawa. Dawa yenyewe ni lithiamu, chumvi fulani inayopatikana mawe yakisagwa, na Mbaluka alipoizoea akarudi. Narudia, alirudi, mzima. Akashika tena panga lake Burma, akamlipia Mwongeli shule, akamwoza. Kilichobaki ni mtetemo mdogo wa vidole ambao huuoni mpaka ashike kikombe kilichojaa.

Kliniki kulikuwa na muuguzi, Shamso, mwanamke wa Eastleigh mwenye sauti ya chini na mzaha wa chini kwa chini. Ndiye aliyemkalisha Kanyiva mara ile ya kwanza akamweleza.

"Mama Mwongeli, hii si kama dawa ya kichwa. Dawa ya kichwa ikifika kwa ini, ini linaikatakata vile wewe unakata sukuma, halafu vipande vinatupwa nje. Hii haikatiki. Inaingia nzima, inazunguka na damu ikiwa nzima, inapanda kichwani polepole, na itatoka nzima hivyo hivyo. Na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu. Figo. Anaikojoa."

"Haya."

"Sasa shida ya figo ni kwamba haijui kusoma. Ikiiona hii dawa inadhani ni chumvi ya kawaida. Mwili ukiwa na maji, chumvi ya kutosha, hakuna neno, inaachilia. Lakini mtu akikauka, figo inafunga duka. Kila kitu kinachofanana na chumvi inakirudisha ndani, na dawa inarudi nayo. Kwa hivyo huyu mzee wako anywe maji. Hata kama hana kiu."

Kisha akamchorea ndoo hewani kwa mikono. Ndoo ina tundu chini. Kila jioni unamimina kikombe kimoja, na kufikia jioni ya pili kikombe kimoja kimeshavuja. Maji yanakaa pale pale, hayapandi, hayashuki. Ukiacha kumimina, ndoo itakauka, na ugonjwa utarudi. Tundu likiziba na wewe unaendelea kumimina, basi.

Kanyiva aliitikia yote. Lakini mtu aliyekwisha kukuta sebule haina viti husikia nusu ya ndoo. Alichobeba kwenda nacho nyumbani ni hofu ya ndoo kukauka. Akawa mlinzi wa kikombe cha jioni. Miaka yote hiyo hakuna jioni hata moja Mbaluka alimeza vidonge bila Kanyiva kumtazama kooni. Na ilipotokea mara moja, miaka kadhaa baadaye, kwamba Mbaluka akaanza kuamka usiku na kuongea mbio, walipima damu wakakuta dawa imepungua, na Shamso akasema waongeze. Wakaongeza, akatulia. Hilo nalo Kanyiva akalihifadhi kama mtu anavyohifadhi ufunguo: akianza kupanda, ongeza.

Habari ya maji ilibaki kuwa mtungi wa manjano tu. Sababu yake ilisahaulika, ikabaki desturi, na desturi ni kitu ambacho mtu anaweza kukiweka kando kwa ajili ya Mungu.

Kanisa lao ni la mabati, liko Kayole, na kila Januari hufungua mwaka kwa maombi. Wiki za kwanza watu hula mboga tupu, bila mafuta na bila chumvi. Mwishoni, wanaoweza huingia mfungo wa Esta, siku tatu bila chakula wala tone. Mchungaji wao, Mureithi, zamani alikuwa seremala, na si mtu wa makelele. Usije ukamlaumu haraka. Alisimama mbele akasema wazi: "Wajawazito msifunge. Wazee msishindane na vijana. Na mwenye dawa ameze dawa yake, ameze na tone la maji, Mungu wetu si mtu wa kumvizia mtu. Sitaki kusikia kanisa langu limemkataza mtu dawa."

Watu walicheka, wakasema amina. Kanyiva alisema amina kwa nguvu kuliko wote. Yaani alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimeondolewa njiani na mchungaji mwenyewe.

Mbaluka akainua mkono kuwa ataingia Esta. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwongeli wake alikuwa amepoteza mimba mbili huko Machakos alikoolewa, na sasa alikuwa na ya tatu, na ilikuwa imeshapita pale zilipokatikia zile nyingine. Baba hana la kufanya katika jambo kama hilo. Hawezi hata kuuliza vizuri kwa simu. Anaweza kufunga tu.

"Hutaenda kazini siku hizo," Kanyiva alimwambia.

"Nikikaa nyumbani nitawaza chapati. Kwa moto nitasahau."

Basi tumwache pale kwa moto tulipomkuta, siku ya kwanza ya Esta, jasho likidondoka.

Kabla ya adhuhuri mkono ulibadilika. Ule mtetemo mdogo wa kila siku ukawa mkubwa, mkono mzima ukawa unaruka kama samaki. Mteja alikuwa amesimama mbele ya ubao akisubiri mbavu zake. Mbaluka akainua panga, likashuka pembeni mwa kidole gumba, likanasa kwenye mbao. Mteja akaruka nyuma.

"Wewe! Unanikatia ama unanikata?"

Ndung'u akaja mbio. Akamtazama Mbaluka usoni, kisha akamsogelea akamnusa mdomo.

"Mzee, umekunywa?"

"Ni-me-fu-nga," Mbaluka akasema, na ulimi ukawa mzito kana kwamba una unga.

"Nanusa njaa tupu," Ndung'u akamwambia mteja, akijaribu kucheka. "Enda nyumbani, Baba Mwongeli. Nenda kabla hujaniuzia kidole na kilo mbili za mbavu."

Kanyiva alimwona akija saa ambayo si yake. Alikuwa akishikilia ukuta wa duka la jirani, akitembea miguu imeachana kama mtu aliye ndani ya lori linaloyumba. Kisu cha sukuma kikasimama. Akamfuata juu, akamkalisha. Mbaluka alikuwa akiongea, maneno yakipandana, macho yanang'aa. Kanyiva akakumbuka kwamba usiku uliopita alimsikia akigeuka geuka.

Imerudi, alijiambia. Hakuwa na shaka. Angekuwa na shaka wewe ungemwamini zaidi, lakini mtu ambaye amekesha miaka mingi akimngoja mwizi hamuulizi mgeni jina.

Akafungua kopo. Kikombe cha jioni kilikuwa bado, lakini hakungoja jioni. Akatoa vidonge vya jioni na akaongeza vingine juu yake. Mbaluka akafumbua mdomo kama alivyofumbua kila siku, bila swali, akameza kwa tone lile moja ambalo mchungaji aliruhusu.

"Meza. Sasa hivi utatulia."

Kesho yake asubuhi akampa tena.

Tumbo la Mbaluka likafunguka. Maji kidogo yaliyobaki mwilini yakatoka kwa njia hiyo, na kwa kutapika, na Kanyiva akafikiri ni njaa inayopigana na vidonge. Akamwambia apumzike, avunje mfungo. Hapo Mbaluka akakaza meno, akatikisa kichwa, akasema neno moja tu lililoeleweka vizuri: "Mwongeli." Akataka apelekwe kanisani kwa maombi ya mchana. Kanyiva akamshika mkono wakashuka ngazi, yeye mbele, mumewe nyuma akimwegemea bega, na ngazi ile ya ghorofa tatu ikawa ndefu kuliko ilivyowahi kuwa.

Ndani ya mabati joto lilikuwa la kuoka mkate. Watu walikuwa wachache, wale wa Esta tu, midomo imekauka, macho yamefumbwa. Mbaluka akapiga magoti. Haikupita muda mikono yake ikaanza kuruka yote miwili, mabega yakafuata, na kinywani mwake yakaanza kutoka maneno yasiyo maneno, ya haraka, mazito, yakivutana.

Shemasi Teresiah akafumbua macho kwanza. "Haleluya! Mzee ameguswa!"

"Amina! Ananena kwa lugha!"

Wakamzunguka. Mtu akaanza wimbo. Katika maisha yake yote ya kanisa Mbaluka hakuwahi kunena kwa lugha, ni mtu wa viti vya nyuma, na kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa zaidi. Teresiah alikuwa akilia. Mchungaji Mureithi akaja akaweka kiganja juu ya kichwa cha Mbaluka, na kwa sababu alikuwa seremala na mikono yake inajua vitu, akakiacha pale kidogo, kisha akakunja uso.

Kanyiva alikuwa amepiga magoti ubavuni. Alikuwa karibu kuliko wote, na sikio lake limemzoea mumewe. Akasikiliza. Chini ya ule uzito, chini ya wimbo, alisikia: *mbavu kilo mbili, kavu… meza ya nyuma… ongeza chumvi, ongeza… kichwa na miguu, ya kubeba…*

Mbaluka alikuwa Burma. Magoti yake yalikuwa kanisani, yeye mwenyewe alikuwa mbele ya moto akiitikia wateja.

Ugonjwa wake wa zamani Kanyiva aliujua kama anavyoujua uso wake. Ule ugonjwa ulikuwa ukimfanya aone mambo makubwa, aone yeye ni mfalme, aone Nairobi yote ni ndugu zake. Haukuwahi kumfanya asijue yuko wapi. Wazo likamjia lenye makali: hili si lile. Akatoka nje na simu.

"Shamso, ni Mama Mwongeli. Baba Mwongeli ameanza kupanda, lakini si kama zamani. Anatetemeka mwili mzima. Hasimami."

"Anaharisha?"

"Umejuaje?"

"Anakunywa maji?"

"Tumefunga. Ni Esta."

"Mama, tangu lini hajala chumvi?"

"Tangu mwaka uanze."

"Na yuko pale kwa jiko lake? Kwa moto?"

"Jana alikuwa."

"Na dawa?"

"Dawa hajakosa," Kanyiva alisema haraka, kama mtu anayejitetea. "Dawa nimempa. Nimemwongezea hata. Jana, na leo asubuhi."

Ndani wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio.

"Sikiliza vizuri," Shamso akasema, na ule mzaha wa siku zote haukuwepo. "Ugonjwa haujarudi. Ni dawa yenyewe, imekosa mahali pa kutokea. Usimpe tena hata kimoja. Kama anaweza kumeza bila kupaliwa mpe maji, kidogo kidogo, na umkimbize hospitali kubwa. Sio kesho. Usingoje gari zuri. Nitawapigia simu huko nyinyi mkiwa njiani."

Kanyiva aliingia na kikombe cha bati chenye maji. Akapita katikati ya waimbaji, akapiga magoti, akakiweka kwenye midomo ya mumewe. Meno yakagongana na bati, kisha yakafungwa. Akajaribu tena. Mbaluka akageuza uso. Hakujua tena yuko wapi, lakini kiapo chake alikijua. Kilikuwa kimekaa mahali ambapo dawa ilikuwa haijafika.

"Dada Kanyiva, unamvunjia!" Teresiah akasema.

"Atakufa," Kanyiva akasema. Hakupaza sauti. "Ni vidonge. Vimejaa ndani yake. Nimemjaza mimi."

Mchungaji Mureithi akamwangalia yule mama, akaangalia kikombe. Akakichukua. Mbele ya watu wote, siku ya pili ya Esta, akanywa, koo lake likisikika, kisha akapiga magoti uso kwa uso na Mbaluka.

"Mzee. Mfungo umekwisha. Nimeuvunja mimi, si wewe. Mungu akiwa na neno anipe mimi. Kunywa."

Mbaluka akanywa. Nusu aliitapika, nusu ikakaa.

Gari lililopatikana ni lile la Ndung'u la kubebea nyama, lenye sanduku jeupe na maandishi ya nyama pembeni. Ndung'u alipopigiwa simu alikuja nalo akiwa na aproni ya damu, hakuuliza swali. Mbele hapakumtosha mtu anayeruka vile, kwa hiyo walimlaza nyuma, juu ya magunia, Kanyiva akakaa kichwani pake na mchungaji miguuni, mlango ukiachwa wazi nusu kwa sababu ya hewa. Waliokuwa Jogoo Road mchana ule waliona mguu wa mtu ukitokeza kwenye gari la nyama, na bila shaka wengine walipiga picha.

Hospitalini walichukua damu, wakaisoma, wakaisoma tena kwa kutoamini. Daktari wa figo alimwita Kanyiva kando. Kanyiva akamweleza yote, pamoja na vile vidonge vya nyongeza. Daktari hakumgombeza. Alisema figo zimezidiwa, kwa hiyo mashine itafanya kazi yao. Damu itatolewa, isafishwe, irudishwe. Kanyiva akaketi akitazama damu ya mumewe ikisafiri nje ya mwili wake ndani ya mrija, ikienda, ikirudi. Ilikuwa damu nyekundu ya kawaida. Haikuonyesha kuwa imebeba kitu.

Mashine ilipozimwa, wakasema dawa imeshuka vizuri katika damu. Kanyiva akapumua. Asubuhi wakapima, ikawa imepanda tena.

"Lakini hajapewa kitu!" akasema. "Hata mimi sijamgusa."

"Hajapewa, mama," daktari akasema. "Hii si mpya. Ni ile iliyokuwa imejificha kichwani na kwenye misuli. Tumesafisha damu, sasa inatoka huko kuja kujaza mahali palipo wazi. Damu tunaweza kuiosha. Kichwa hatuwezi kukiosha. Kichwa kitaachilia kwa wakati wake."

"Kitaachilia yote?"

Daktari akapanga panga karatasi zake. "Kwa wengi, ndiyo."

Wakamrudisha kwenye mashine. Siku zikapita, na Mbaluka akaanza kujua majina. Alimjua Kanyiva, akamjua Ndung'u aliyemletea supu yenye chumvi ya kutosha lori. Mwongeli akapiga simu, tumbo lake bado liko, mtoto anapiga mateke, na Mbaluka akashika simu kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Lakini ulimi ulibaki mzito. Mkono ulibaki ukiruka. Alipotembea aliachanisha miguu, na walipomruhusu kwenda nyumbani damu yake ilikuwa safi kabisa. Hicho ndicho Kanyiva hakuweza kumweleza mtu yeyote kwenye ghorofa: kwamba dawa haimo tena, wamepima, haimo, na bado imekaa pale kwenye kidole cha mumewe ikitikisa kijiko.

Lithiamu ilikatazwa. Wakampa nyingine ya kuanzia, kiasi kidogo, wakisema itachukua muda kushika. Shamso alisema jambo moja wakiagana kwenye korido.

"Sasa kuna katikati, Mama Mwongeli. Ya zamani imetoka, mpya haijakaa vizuri. Uwe unamwangalia. Ukiona kitu, nipigie."

"Nione kitu gani?"

"Utajua," Shamso akasema, halafu kwa vile alikuwa mkweli, akaongeza, "ama nipigie tu hata kama hujui."

Wiki zikaenda. Kanyiva alikata sukuma akiwa na sikio moja juu ghorofani. Alikuwa hajamwambia Mbaluka kuhusu vile vidonge vya nyongeza. Kila alipotaka kusema alimwona akipigana na kifungo cha shati, akaenda kumfungia.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumatano. Kanyiva aliamka akakuta kitanda upande wa pili kimepoa. Akasikia maji yakimwagwa, fagio, na sauti ya mtu anayeimba. Akatoka sebuleni. Mbaluka alikuwa amepiga deki nyumba nzima, amefungua madirisha yote, na alikuwa amesimama katikati ya mwanga, wima, miguu yake pamoja. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni. Chai haikutikisika.

"Mama Mwongeli!" akasema, na neno likatoka lote, safi, bila unga ulimini. "Nimeamka mtu mzima! Angalia mkono. Angalia! Nilikuwa nimelala usingizi mdogo tu lakini wote umenitosha. Leo naenda Burma. Ndung'u amenimisi, hata nyama zimenimisi. Na nimefikiria, unajua, nimefikiria sana asubuhi hii, tukafungue letu. Bucha letu. Mwongeli akijifungua tumlete hapa, mtoto akue akinusa moshi. Cheka basi! Kwani hunifurahii?"

Alikuwa anacheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha kijana aliyemposa, na Kanyiva alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu hata machozi yakamjia.

Akaangalia ule mkono uliotulia. Akayasikiliza yale maneno, akipima mwendo wake kama mtu anayesikiliza injini, yanakwenda mbio ama yanakwenda tu kama maneno ya mtu aliyefungwa mdomo kwa wiki nyingi na sasa amefunguliwa. Alikuwa ameshawahi kusoma dalili za mumewe mara moja akiwa na uhakika, na uhakika ule ulimweka Mbaluka kwenye magunia ya gari la nyama. Simu ilikuwa mfukoni. Mbaluka akaona mkono wa mkewe ukienda huko, na kicheko kikapungua.

"Tafadhali," akasema polepole. "Mara moja tu, Kanyiva. Niangalie bila kunipima."

Wewe ungekuwa umesimama pale mlangoni na uso ule mbele yako, ungesema ni dawa iliyomaliza kutoka, ama ni ule ugonjwa iliokuwa ikiuzuia unaingia tena?